Siki ya Mabibo

Mpapura,
14 Oktoba 2024

Mdogo wangu Shamimu,

Assalaam alaykum. Huku wote wazima, isipokuwa mbuzi mmoja aliyeingia stoo akalamba salfa ya mikorosho iliyobaki. Tumemfukia.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Mama hataki simu. Anasema simu husema mara moja ikanyamaza, barua mtu anaweza kusomewa tena. Halafu simu yangu hapa nyumbani hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo. Wiki iliyopita Mzee Zuberi aliipokea, akazungumza na mwenyekiti wa chama cha msingi dakika tano nzima kuhusu goti la mkewe kabla sijajua nimepigiwa.

Msimu umefunguliwa. Asubuhi napima magunia ghalani, alasiri nakata sampuli. Korosho za mwaka huu ni nzuri: katika kila mia ninazopasua, mbovu hazifiki kumi. Mke wangu Tatu yuko kwao Kilambo, amejifungua mtoto wa kike tarehe 29 Septemba, naye atarudi akitimiza arobaini. Kwa hiyo Mama anapika mwenyewe, na mimi ndiye katibu wake.

Mama anauliza unafanya kazi gani hasa huko Dar es Salaam. Watu wakimuuliza, anawaambia uko maabara. Wakiuliza maabara ya nini, anasema ya kansa. Wakiuliza mnaitibu vipi, ananyamaza, na hapendi kunyamaza mbele ya mke wa Zuberi. Anataka maelezo anayoweza kuyashika. Ameuliza na jambo jingine, lakini hilo si la kuandika.

Barua nampa kondakta wa basi. Ichukue ofisini kwao Mbagala.

Kaka yako,
Kassimu Nassoro


Dar es Salaam,
27 Oktoba 2024

Kaka Kassimu,

Shikamoo. Hongera kwa mtoto. Mpe Tatu salamu.

Mwambie Mama kwamba simtibu mtu. Nachunguza protini moja tu, inaitwa p53. Kila seli ya mwili inayo. Seli ikiumia ndani, kwenye yale maandishi ya urithi yanayoiambia iishi vipi, p53 huisimamisha isigawanyike mpaka ijirekebishe. Ikishindwa kujirekebisha, p53 huiamuru ife. Seli iliyoumia ikiachwa iendelee kugawanyika, hapo ndipo saratani inapoanza. Kwa hiyo p53 ni mlinzi, na kila mmoja wetu anao mamilioni bila kujua.

Ninachofuatilia ni kidogo zaidi ya hapo. Seli hutengeneza p53 kila wakati na kuivunja kila wakati. Haidumu hata nusu saa. Huvunjwa kwa sababu ipo protini nyingine inayosababisha ipachikwe alama ya kuvunjwa. Wewe mpimaji utaelewa: sehemu ya gunia iliyokwisha kufungwa lebo moja, nyingine haikai. Seli ikiumia, kipande kidogo cha kemikali kiitwacho asetili hubandikwa kwenye p53, mahali palepale ambapo alama ya kuvunjwa ingekaa. Basi haivunjwi. Inadumu, inakaza mshiko kwenye maandishi ya urithi, inafanya kazi. Kibandiko kikikosekana, mlinzi anaondolewa kabla hajasema lolote. Vipo pia vimeng'enya vinavyobandua vibandiko hivyo, na baadhi ya dawa za saratani zinazotumika leo kazi yake ni kuvizuia visibandue.

Asetili si kitu cha ajabu. Ni kipande cha tindikali iliyomo kwenye siki. Mama akitaka maneno mafupi ya kumjibu mke wa Zuberi, mpe haya: binti yako anachunguza jinsi kipande cha siki kinavyomwamsha mlinzi wa mwili.

Seli ninazofanyia kazi zilitoka kwa mgonjwa mmoja wa nchi nyingine, miaka mingi iliyopita. Mwenyewe alikwishafariki, seli zake bado zinagawanyika kwenye sahani za plastiki. Nazilisha kila siku, hata Idd.

Hilo jambo jingine, likiwa la lazima utalisema.

Mdogo wako,
Shamimu


Mpapura,
2 Desemba 2024

Mdogo wangu Shamimu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma barazani baada ya swala ya Ijumaa. Walikuwepo Mzee Zuberi, Ustadh Shabani, wapagazi wawili wa ghala, na kina mama nyuma ya mlango pamoja na Mama.

Mzee Zuberi aliuliza, "Kwa hiyo mtoto wetu kasoma miaka yote hiyo ili awe mlinzi?"

Nikamwambia hapana, anachunguza walinzi.

"Basi ni msimamizi wa walinzi. Nimeelewa. Mshahara wake mkubwa kuliko wa mlinzi."

Ustadh alinirudisha pale kwenye lebo, nikapasoma tena, akasema Mwenyezi Mungu hakuumba kitu ovyo. Watu walipoondoka, Mama akaniambia nimsomee kile kipande cha siki. Nimekwisha kumsomea mara nne.

Sasa nikueleze kilichofuata. Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yalikuwa bado yapo shambani. Mama aliokota ndoo tatu, akayakamua, akachuja, akafunika kwa kitambaa na kuweka nyuma ya jiko. Wiki ya kwanza ilikuwa uraka mtupu, pombe kabisa, na harufu ilifika kwa Mzee Zuberi. Alikuja na kikombe chake mwenyewe, akisema amekuja kuangalia tu. Mama alimfukuza kwa mwiko. Kisha akamtuma mtu kwa Ustadh kuuliza kama siki iliyopitia ulevi inafaa kunywewa na Mwislamu. Ustadh alijibu kwamba ikigeuka yenyewe, bila kutiwa kitu, ni halali, na kwamba Mtume aliisifu siki kuwa kitoweo chema. Mama akasema, "Basi Mtume kaisifu na mwanangu kaisifu. Nimebakiwa na nini?"

Anakunywa kijiko kimoja kila asubuhi kabla ya kula. Chupa hii ni yako.

Tatu amerudi. Mtoto tumemwita Happiness kwa utani, kwa sababu nesi wa kule Kilambo ndilo jina lake na ndiye aliyemzalisha. Jina lake la haki ni Somoe, la marehemu Mama Mkubwa.

Kaka yako,
Kassimu


Dar es Salaam,
15 Desemba 2024

Kaka Kassimu,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu ofisini Mbagala mpaka karani akauliza kuna nini. Siki ni nzuri, nimeiweka kwenye jokofu na naitia kwenye kachumbari. Mwambie Mama kijiko kimoja hakina neno, ila asizidishe, asije akaumwa tumbo.

Nafunga ripoti ya mwaka. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Shamimu


Mpapura,
9 Machi 2025

Mdogo wangu Shamimu,

Assalaam alaykum, na Ramadhani njema. Miezi miwili na zaidi hujaandika, nami sikuandika kwa sababu ya kupalilia. Nakupa hali kama ilivyo.

Mama anafunga. Anafuturu kwa siki kwanza, halafu tende, halafu uji. Kijiko kimekuwa nusu kikombe. Ndoo ya kwanza imekwisha, yuko kwenye ya pili. Kina mama wanakuja na vichupa. Mwajuma, yule mke wa Mzee Zuberi, anainywa kwa ajili ya goti.

Mama amekonda. Gauni la Idd ya mwaka jana amelivaa juzi kujaribu, likapwaya mabegani. Kutwanga ameacha, sasa anatwanga Tatu. Mkono wa kushoto haunyanyui kupita bega; nguo anaanikia kwa mkono wa kulia. Mtoto akipewa anambeba upande wa kulia tu. Nilimuuliza kama ameanguka, akasema, "Mtu akizeeka mpaka aanguke?" Ana miaka hamsini na minane.

Jana ameniambia nimsomee tena barua yako ya Oktoba, yote, kuanzia juu.

Kassimu


Dar es Salaam,
14 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Hiyo ya mkono si ya uzee. Mwambie Tatu amwangalie Mama kifuani na kwapani, pande zote mbili, kwa mikono, si kwa macho tu. Afanye wiki hii. Unijibu siku hiyohiyo kwa simu, usingoje basi.

Shamimu


Mpapura,
6 Aprili 2025

Mdogo wangu Shamimu,

Assalaam alaykum. Kwenye simu nilikuambia kwa ufupi kwa sababu nilikuwa na watu. Haya ndiyo yenyewe.

Mama alimkatalia Tatu siku zote za Ramadhani zilizobaki. Alimkubalia siku moja kabla ya Idd, walipokuwa wanasingana kwa liwa. Maneno ya Tatu, nimemwambia anirudie na nimeyaandika: kifuani upande wa kushoto kuna uvimbe wa ukubwa wa korosho ghafi, mgumu, hausogei ukisukumwa. Ngozi ya juu yake imevutika kwa ndani. Kwapani kuna viwili vingine kama punje za kunde. Mama amesema aligundua ule mkubwa kabla ya mavuno. Mavuno yapi, hakusema.

Nilimwambia twende hospitali mjini kesho yake. Haya ndiyo mazungumzo:

"Dada yangu Somoe alikwenda hospitali?"

"Alikwenda."

"Akakatwa?"

"Akakatwa, Mama."

"Akarudi?"

Akaendelea mwenyewe:

"Mimi nina mlinzi wangu. Shamimu kasema anaamshwa na siki, nawe umenisomea kwa kinywa chako. Miezi minne namwamsha. Nikienda kukatwa sasa, si nitakuwa nimemfungia mlango?"

Nilimwambia hukusema hivyo. Akaitoa barua kwenye bati lake la biskuti, akanionyesha mstari kwa kidole. Hajui kusoma, lakini mstari anaujua ulipo. Umeandika kama anavyosema. Mimi siwezi kubishana na mwandiko wako. Andika wewe.

Kassimu


Dar es Salaam,
12 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nimepiga simu mara sita na umekataa kuishika. Mvua imekata barabara huku njiani, mabasi yamesimama. Nafasi ya ndege niliyopata ni ya tarehe 24. Barua hii ameichukua Mwalimu Gladness wa shule ya hapo, anarudi kesho kwa tiketi ya ndege aliyokata zamani. Kaka Kassimu akusomee polepole, na usiningoje mimi.

Yale niliyoandika kuhusu siki niliyaandika vibaya. Nilitaka maneno mafupi ya kumjibu mke wa Zuberi, nikayafupisha mpaka yakawa si kweli. Sasa nayasema yote.

Asetili inayobandikwa kwenye p53 seli hujitengenezea yenyewe, ndani, kutokana na chakula chochote: ugali, mhogo, samaki. Haikosi. Siki unayokunywa huvunjwa mwilini kama chakula kingine, haiendi kwa mlinzi. Kinachokosekana kwenye saratani si asetili. Mara nyingine vimeng'enya vinavyoibandika vimeharibika. Mara nyingine vinavyobandua vimezidi. Na mara nyingi, katika karibu nusu ya saratani zote za watu, mlinzi mwenyewe amebadilika umbo. Yupo, tena kwa wingi, lakini haoni. Huyo hata abandikwe nini, ile kazi yake ya zamani haiwezi tena.

Mama, uvimbe ukishafika hatua ya kushikwa kwa mkono, maana yake ni kwamba mahali hapo mlinzi alikwisha kushindwa zamani, kwa sababu mojawapo. Kumwamsha siyo kazi ya siku hii. Kazi ya siku hii ni kuutoa.

Sikutaka uniamini kwa maneno, kwa kuwa ya kwanza uliyaamini yakakupoteza. Kwa hiyo nimeipima siki yako mwenyewe, ile uliyoniletea Desemba. Nilichukua sahani sita. Mbili nilizitia siki kali kama ilivyo: seli zote zilikufa kwa saa moja, kama ambavyo zingekufa kwa maji ya betri. Hiyo si dawa, ni tindikali. Mbili nilizitia siki iliyozimuliwa sana, kadiri ambayo ingeweza kufika kwenye damu ya mtu aliyekunywa nusu kikombe. Mbili sikuzitia kitu. Baada ya siku mbili nikapima vibandiko vya p53. Zile zenye siki na zile zisizo na siki zilikuwa sawasawa. Nilirudia. Zilikuwa sawasawa tena. Karatasi ya vipimo nimeiambatanisha, Kaka ataiona mistari. Iliyo na S ni ya siki.

Kuhusu Mama Mkubwa. Somoe hakufa kwa kukatwa. Alikwenda hospitali uvimbe ukiwa umepasua ngozi na ugonjwa umefika kwenye mapafu. Nilikuwa darasa la sita, nilimpelekea maji. Kisu kilikuja mwisho, ndiyo maana watu wanakikumbuka hicho.

Hakuna anayejua hapo ulipo wewe, hata mimi. Muulize Kaka anafanya nini ghalani kila alasiri. Gunia likiletwa, hatazami ganda akataja daraja. Anachota sampuli, anapasua korosho moja moja, ndipo anasema. Daktari anataka kufanya hivyohivyo: kuchukua punje ndogo ya nyama kwa sindano nene, ili ijulikane. Ukikataa kupimwa, hujaepuka kupewa daraja. Umelikubali gunia kwa kutazama ganda.

Kaka, barua hii yote isome barazani pia, Ijumaa, kwa watu walewale.

Mwanao,
Shamimu


Mpapura,
8 Juni 2025

Mdogo wangu Shamimu,

Assalaam alaykum. Uliyoyaona mwenyewe ulipokuja, pamoja na Mama kukubali kupimwa kwa sindano, siyarudii. Naanza pale ulipoondoka tarehe 29 Aprili.

Majibu ya kile kipande cha nyama yalirudi tarehe 7 Mei. Ni saratani. Upasuaji ulifanyika tarehe 20, ukachukua saa mbili na dakika arobaini. Daktari anaitwa Stefano, mtu wa Iringa, mpole, anasema neno moja mara moja. Alitoa sehemu yote ya kushoto na tezi za kwapani. Mama aliuliza kabla kama ataingia mwanamume mwingine mle ndani. Daktari Stefano akamwambia ni yeye tu na mtoa usingizi, waliobaki ni wanawake, akamtajia majina. Mama akasema, "Mtoa usingizi hana macho?" Nesi Esta alicheka, naye Mama akaridhika.

Majibu ya tezi yametoka Alhamisi. Zilitolewa kumi na moja, tatu zina ugonjwa. Mapafu na ini ni safi kwa picha. Anatakiwa aanze dripu ya dawa ya saratani huko Dar mwezi wa saba, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Tatu atakuja naye.

Nilimuuliza Daktari kama angeletwa mwezi wa kumi ingekuwa tofauti. Alisema swali hilo huulizwa kila wiki, naye halijibu.

Barua yako ya Aprili niliisoma barazani kama ulivyoagiza, Mama mwenyewe akiwa nyuma ya mlango. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Mzee Zuberi alisema, "Kwa hiyo yule mlinzi kafukuzwa kazi?"

Kabla sijajibu, Mama akasema kutoka ndani, "Hajafukuzwa. Kapofuka. Kama wewe ulivyoona uraka ukadhani siki."

Ustadh Shabani alisema siki inabaki halali na inabaki kitoweo, na kwamba hakuna aliyesema Mtume aliitaja kwa uvimbe. Wanawake wawili waliniita pembeni baadaye wakataka kujua Mama alipimwa siku gani na foleni inaanza saa ngapi. Mmoja amekwisha kwenda, hana kitu. Mwingine anasubiri majibu. Mwajuma anaendelea kuinywa. Anasema goti si kansa.

Kassimu


Mpapura,
22 Juni 2025

Mwanangu Shamimu,

Anayeandika ni Tatu, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze hata moja, na akimaliza anisomee nione kama yamo yote. Kassimu hayupo, yuko shambani anapiga salfa.

Kidonda kimekauka. Nesi Esta alinifundisha kutambaza vidole ukutani ili mkono unyanyuke, kila siku juu kidogo. Nimeweka alama ya mkaa. Leo nimefika usawa wa jicho.

Nina neno. Mwaka jana mwezi wa kumi nilimwita Kassimu nikamwambia aandike maswali mawili. La kwanza, unafanya kazi gani. La pili, je, hiyo kazi yako inahusu na matiti? Nilimtajia neno hilohilo, matiti, kwa sababu ndilo jina lake. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeoga na nimeugusa ule uvimbe.

La kwanza ulilijibu kurasa mbili. Likasomwa barazani, watu wakafurahi, Zuberi akafanya mzaha. Nami nilikaa nyuma ya mlango nangoja la pili. Halikuja. Nikamwambia Kassimu asome tena. Halikuja. Mara nne nimesomewa, nikasema labda limefichwa kwenye maneno mengine, na maneno mengine yaliyokuwemo ni ya siki.

Watu wanasema nilidanganyika na siki. Sikudanganyika hivyo. Siki naijua tangu sijaolewa, ni ya kutia kwenye pilipili. Lakini nilisema, huyu ni mwanangu na ni msomi. Akiacha swali, ana sababu. Ama kazi yake haihusu, ama inahusu na hakuna la kufanya, hataki kuniambia. Basi nikatumia kilichobaki kwenye karatasi. Mtu akinyimwa mchuzi, atakula ugali na chumvi, na si kwa kuwa hajui mchuzi ni nini.

Ulipokuja tulilala chumba kimoja siku tano. Ulinifunga kanga, ulinishika mkono ngazini. Hukuniambia chochote kuhusu swali langu, nami sikukuuliza, nikaona pengine ni aibu yako.

Siulizi ili ujute. Nakuja kukaa kwako miezi minne na zaidi, na nataka nijue ninaingia nyumba ya mtu aliyenificha au la. Tatu asipopunguza, utakuwa umenielewa. Lijibu swali la pili.

Mama yako,
Mwanahawa binti Bakari

(Mimi Tatu sijapunguza. Shikamoo wifi.)


Dar es Salaam,
28 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Barua hii ni yako. Tatu akusomee ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Swali lako la pili: ndiyo, inahusu.

Nimeitoa barua ya Kaka ya tarehe 14 Oktoba. Swali lenyewe halimo. Ipo sentensi moja tu: "Ameuliza na jambo jingine, lakini hilo si la kuandika." Hakuliandika kwa sababu ni neno ambalo mtoto wa kiume halitaji kwa mama yake. Mimi ni binti yako. Niliisoma sentensi hiyo, nikamjibu kwamba likiwa la lazima atalisema. Sikuuliza ni jambo gani. Ningeuliza kwa simu, ingechukua dakika moja.

Kaka usimuulize. Nitamuuliza mimi, na nitamwambia langu kwanza.

Basi lenu linaondoka Mtwara Jumapili tarehe 6 Julai alfajiri. Nitakuwa Mbagala kuanzia saa kumi alasiri. Njoo na majibu yote ya hospitali, pamoja na kile kibandiko cha plastiki walichokufunga mkononi, kina namba. Dripu ya kwanza ni tarehe 9. Hapa kwangu upo ukuta mrefu usio na kitu, utaweka alama za mkaa upya.

Langu ni hili. Oktoba niliandika kwamba seli ninazozilisha zilitoka kwa mgonjwa wa nchi nyingine. Kwenye rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika zilitoka sehemu gani ya mwili wake. Nikafuta, kwa sababu nilijua itasomwa barazani mbele ya Mzee Zuberi na Ustadh, nawe ukiwa nyuma ya mlango.

Alikuwa mwanamke. Zilitoka kwenye titi. Sahani zote, tangu siku yangu ya kwanza hapa mpaka za leo asubuhi.

Mwanao,
Shamimu